Mtihani Nilioufukia Shambani kwa Mama

Mara ya tatu nilipofeli somo lile lile, meneja aliniita ofisini kwake na kufunga mlango. Mimi nilikuwa nakaimu uhasibu katika chama kimoja cha wakulima hapa Sumbawanga. Kiti nilikikalia kwa ahadi: nimalize mitihani ya bodi, nipate zile herufi tatu, CPA, ambazo mtu akizipata anazitanguliza mbele ya jina lake hata kwenye kadi ya mchango wa harusi. Masomo mengine yote nilikuwa nimeshayapita. Lilibaki moja, la kutayarisha taarifa za fedha, na hilo ndilo lililonikaba. Meneja hakunigombeza. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, kwamba kazi naiweza lakini utaratibu ni utaratibu. Nisipopita safari ijayo ataleta mwenye cheti, nami nitarudi dirishani kuwa karani wa kupokea mahindi. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa.

Kuna neno hakulisema, nami nililisikia vilevile. Mzembe. Nimekua nalo hilo. Ripoti zangu za shule ya msingi ziliandikwa na walimu tofauti, lakini ungedhani walikaa kikao wakakubaliana: ana uwezo ila ni mzembe. Wa darasa la sita alichoka na maneno mengi, akaandika "Mzembe" peke yake na kulipigia mstari. Mama, ambaye kusoma kulimshinda darasa la tatu, aliniambia nimsomee. Nikamsomea. Nilijua nitachapwa. Hakunichapa. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji, akarudi baada ya muda mrefu bila maji na bila ndoo.

Nikueleze kusoma kwangu kulivyokuwa, uone kama wewe ungeelewa, maana mimi sikuelewa. Jumamosi asubuhi naketi mezani na kitabu, chai pembeni, simu nimeizima. Mstari wa kwanza unazungumzia mikataba ya kukodisha majengo. Nakumbuka kwamba mwenye nyumba wangu aliahidi kurekebisha bati. Nanyanyuka kuangalia bati. Njiani naona pazia lina vumbi. Saa nane mchana nimefua mapazia, tena nusu yake, nusu nyingine iko kwenye beseni, na kitabu kiko ukurasa uleule. Ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu kile naujua kwa sura tu, kama jirani tunayesalimiana kila siku na jina lake silijui.

Lakini ofisini, mkaguzi akibisha hodi na vitabu havijafungwa, wote wakishika vichwa, mimi ndiye ninayeketi nikamaliza kazi ya wiki mbili kwa siku moja bila hata kunywa maji. Sasa mzembe gani huyo? Nilijiuliza hivyo mpaka nikajichoka. Shangazi yangu alikuwa na jibu tayari, kwamba nimechezewa na wachawi. Na huko Mbeya, kwenye chumba cha mtihani, mtahiniwa mmoja aliposikia nilikotoka alinitania: "Unatoka Sumbawanga halafu unafeli? Si mnazo dawa nyie?" Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama shangazi ana hoja.

Baada ya maneno ya meneja usingizi ulinipotea, nikapanda basi kwenda Mbeya kumwona daktari. Niliomba dawa ya usingizi tu. Yeye akaanza kuniuliza mambo ya utotoni, ripoti za shule, vitu ninavyopoteza, kazi ninazoanza na kuziacha. Nilimjibu kwa kirefu. Katikati ya kujibu niligundua nimesimama, naiweka sawa kalenda yake ukutani, na yeye ananitazama. Aliuliza, "Nyumbani kwenu kuna mwingine aliye hivi?" Nikamwambia hakuna. Akachukua karatasi akaniandikia herufi nne: ADHD.

Alinieleza taratibu. Si kwamba umakini sina, alisema. Ninao tena mwingi, ila hauji ninapouita. Mtu anazaliwa hivyo, na wengi wanazeeka bila kujua. Dawa zake huku kwetu hazipatikani kirahisi, basi nianze na ninachokiweza: nisijilazimishe kuketi, nisome kidogo kidogo, mikono iwe na kazi, na ninachosoma nikiseme kwa sauti.

Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nilikuwa nikitafuta herufi tatu, nimepewa nne. Nilipaswa kufurahi, watu husema kulijua tatizo ni nusu ya kulitatua. Mimi nilipatwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Kama haukuwa uzembe, mbona nililia miaka yote ile? Na kama ni uzembe uliopewa jina la hospitali? Ndani ya basi nilikuwa nazitoa zile herufi mfukoni, nazitazama, nazirudisha. Mama sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Safari ijayo ilikuwa mtihani wa Mei. Siku ya mwisho ya kujiandikisha niliiandika kwenye kalenda, kwenye simu, na asubuhi yenyewe nikaiandika mkononi kwa kalamu. Saa nne nikakaa kwenye kompyuta. Fomu ilitaka namba ya cheti changu cha zamani. Nikafungua droo kukitafuta, nikakuta faili la madai ya pembejeo lililopotea tangu mwaka uliopita. Nikalipanga. Lilipangika vizuri sana, kila ukurasa mahali pake, nikajisikia fahari. Nilipoinua kichwa watu walikuwa wanafunga madirisha na usajili umefungwa. Wino ulikuwa bado uko mkononi.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. "Novemba, basi," alisema. "Na Novemba ndiyo ya mwisho, dada yangu."

Ilikuwa msimu wa matuta. Nieleze kwa wasiojua: sisi huku Ufipa, mvua zikiwa bado zinanyesha na majani yamefika kiunoni, tunakata udongo pamoja na majani yake, tunaugeuza, tunaurundika uwe tuta la duara, ntumba, majani yaozee ndani. Juu tunapanda maharage. Tuta linakaa hivyo kiangazi chote. Mvua mpya zikikaribia tunalibomoa, tunatawanya ule udongo ulioiva, na ulezi unamwagwa hapo. Mtoto wa Kifipa anayajua haya kabla hajajua kuhesabu.

Mama analima Mollo, si mbali na mjini, na kila mwaka namsaidia Jumamosi. Kulima na mama kunahitaji moyo. Anaanza tuta kona hii, akifika nusu anaona majani ya kule ni mazuri zaidi, anakwenda kule, akirudi anarudi na kuni. Majirani zake matuta yao yamenyooka mistari. La mama, walikuwa wakisema, ni shamba lililolimwa na watu kumi wasiosalimiana.

Jumamosi ya kwanza nilibeba kitabu kwenye mfuko wa nailoni, sina mpango wowote, nimekibeba kwa hofu tu. Nikakumbuka maneno ya daktari. Nikasoma kurasa mbili nimesimama, nikakiweka, nikashika jembe, na huku narundika udongo nikaanza kumweleza mama nilichosoma. Kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha kitabu mama asingekivumilia, na ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nakivumilia tu. Mama akawa anaitikia "ehe" na kuuliza maswali ya kuudhi. "Kampuni mama inawahesabu wanawe wote kama mali yake, hata yule ambaye nusu yake ni ya watu wengine?" "Ndiyo mama, ila fungu la hao wengine lazima lionyeshwe." "Linaonyeshwa wapi?" Sikujua. Ikabidi nirudi kwenye kitabu na mikono ya udongo.

Tuta lilipokamilika, ile mada nilikuwa naijua. Sikuamini. Nikasoma nyingine, nikarundika jingine. Kodi iliyoahirishwa ikaenda karibu na mti wa msuku. Ukodishaji ukakaa mpakani. Kufikia mwisho wa Aprili nilikuwa na matuta thelathini na sita na mada thelathini na sita, na kila moja nilijua imelala wapi.

Kiangazi chote nikawa napita kuyakagua. Napigapiga tuta kwa kiganja, nasema lililomo, nahamia la pili. Jirani mmoja alinikuta nimeinama naliambia tuta habari za mali chakavu, akacheka hadi akashika kiuno. "Maji hufuata mkondo!" alisema, akimtazama mama. Mama akacheka naye. Nilidhani wanatania ukulima wangu.

Usajili wa Novemba meneja alinisimamia mpaka nikaumaliza. Ofisini nilijaribu mitihani ya miaka ya nyuma. Nikifumba macho naingia shambani, natembea mpaka kwenye tuta lenyewe, nalikuta jibu. Kwa mara ya kwanza maishani nilipata alama za kupita katika somo lile. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa na woga ndani yake. Mtu kama mimi akishika kitu anajua kwamba atakisahau mahali.

Jumamosi moja ya Oktoba, wiki mbili kabla ya mtihani, nilishuka kwenye bodaboda, nikasimama ukingoni mwa shamba, na shamba lilikuwa tambarare. Hakukuwa na tuta hata moja. Anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu. Mashamba ya majirani yote matuta yao yalikuwa yamesimama, wala hakuna aliyekuwa na haraka. Mama alikuwa katikati ameegemea jembe, jasho linamtoka, anatabasamu kama mtu aliyekuandalia zawadi.

"Shikamoo mama. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nilikuwa natafuta panga. Nikaliona hili jembe, lile zuri lililopotea. Nikaona, aa, kwa nini nisianze? Siku tatu tu hizi."

"Mvua ziko wapi, mama? Nani ametawanya saa hizi?"

"Zitakuja."

Nilipiga kelele. Naona aibu kusema nilivyopiga kelele mbele ya mzazi wangu. Nilimwambia ameua mtihani wangu, ameua kazi yangu, kwamba katika Mollo nzima hakuna mtu asiyetulia kama yeye. Na wakati maneno yanatoka nilikuwa najua nani mjinga pale. Tuta la Kifipa kazi yake ni kubomolewa. Nisingeweza kusema sikuambiwa. Nimeyabomoa mwenyewe tangu nikiwa na miaka sita. Nikachukua kitu cha mwisho nilichokuwa nacho maishani, nikakiandika mahali panapofutwa kila mwaka.

Mama alinisikiliza. Kisha akasema, "Sasa ulitaka ulezi niupande wapi? Kichwani kwako?"

Nikaketi chini. Nilifumba macho nikajaribu kuingia shambani, nikaona tambarare tu. Nikalia. Kichwa kilikuwa kitupu hivi kwamba hata jina la somo lilinipa shida. Mama alizunguka pale, akaenda hatua chache, akarudi, akaenda tena.

"Lile la kwanza lilikuwa hapa," akasema. "Ulivaa sweta la kijani. Ulisema mtu anaweza kununua duka kwa bei kubwa kuliko vitu vilivyomo, ile ziada ni ya jina la duka. Nikakuona mwongo."

Niliinua kichwa.

"Na hapa," alikuwa ameshafika upande wa pili, "ulisema mashine ikizeeka unaipunguza thamani kila mwaka, usingoje ife. Hapa kwenye msuku ni ile kodi ya kesho unayoiandika leo. Hiyo ulirudia mara nne, sikuielewa, na wewe hukuielewa, ila mara ya nne ulielewa."

Hakufuata mpangilio wowote. Aliruka kutoka kona hadi kona kwa namna ileile anayolima, nami nikawa nyuma yake na kitabu, namkimbiza mama yangu shambani nikiwa na miaka thelathini na tisa. Nyingine alizichanganya. Nyingine alikumbuka tu tulichokula siku hiyo. Katika zile thelathini na sita alinirudishia ishirini na kitu. Mahali pamoja alisimama, akafikiri sana, akasema, "Hapa ulisema, 'Mjinga mkubwa wewe.' Sijui kama na hilo linaulizwa."

Nilicheka mpaka nikaketi tena. Lakini nilikuwa namwangalia. Nimeishi na mwanamke huyu maisha yangu yote, nimekula ugali wake ulioungua, nimekwenda naye kanisani ambako husimama nyuma na kutoka mara tano kutazama hali ya hewa. Nimecheka habari ya ndoo. Daktari aliniuliza kama nyumbani kuna mwingine, nikamjibu bila hata kufikiri kwamba hakuna.

Siku ya mtihani sikuona matuta. Nilifumba macho, nikaona shamba tupu na mama anatembea ndani yake, anasimama hapa, anasimama pale. Kuna swali ambalo nilimfuata hadi mwisho na kuna swali ambalo alinipeleka kwenye sweta la kijani akaniacha hapo. Nilitoka sijui kama nimepita au nimefeli. Nilisahau kalamu zote mbili na mwavuli.

Matokeo yalitoka Januari. Niliyasoma kwenye simu mara tatu, nikampa karani wa dirishani anisomee, nikamwomba arudie. Nilikuwa nimepita, kwa alama chache za kuokoteza. Meneja alinipa mkono. Watu walianza kuniita CPA kwenye korido kabla cheti hakijafika. Mimi nilikuwa nacheka na bado nimechanganyikiwa. Sikujua ni nini hasa kilichonipitisha: ushauri wa daktari, matuta, au mtu aliyeyabomoa.

Nilimkuta mama anang'oa magugu kwenye ulezi, ulezi mfupi wa kijani, mzuri kuliko wa majirani, maana mvua nazo ziliwahi mwaka ule kama vile zilikuwa zinamtetea. Nikamwambia nimepita. Akapiga vigelegele, akanishika uso kwa mikono ya udongo. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyeuliza.

"Sasa mwanzo kwa nini ulikuwa unafeli?"

Nikamweleza, hatimaye. Nilimwambia habari za daktari na zile herufi nne. Kwamba kuna watu umakini wao hauji wanapouita, na wanazaliwa hivyo, na si uzembe. Mama alikuwa ameacha mstari wake, amehamia mwingine, akauacha na huo.

"Wanazaliwa nao?"

"Ndiyo, mama."

"Na wazee wapo?"

"Wapo. Wengi hawajui."

Alisimama na magugu mkononi. Akasema mwalimu wa darasa la tatu alimwita babu yangu shuleni, akamwambia mbele ya watoto wote, huyu ni mzembe, mpeleke shamba. Babu akamchukua siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa najua tu kwamba kusoma kulimshinda. Hivyo ndivyo alivyotusimulia siku zote, na anacheka.

"Niandikie na mimi," alisema.

"Nini, mama?"

"Hizo herufi."

Sikuwa na karatasi. Nilichukua kijiti, nikaziandika kwenye njia, pale udongo ulipo laini. Alichuchumaa. "Hii A naijua," akasema, na nyingine nikamtajia. Alizitazama kwa utulivu ambao sijawahi kumwona nao juu ya kitu chochote, midomo inatembea. Nilitaka kumwomba radhi kwa kelele za Oktoba, na kwa mengine ya zamani, lakini nilishindwa nianze na lipi.

Tulipoondoka kwenda nyumbani alisahau jembe na kanga yake. Herufi alizizunguka, asizikanyage.